Ng'ombe Aliyepaki kwa Njenga

Watu wa Roret walimwita Gibson Arap Breki, yaani mwana wa Breki, ingawa baba yake aliitwa Sigei. Gibson alikuwa dereva wa lori la kubeba majani chai kutoka vituoni hadi kiwandani, na kwa miaka yote aliyoshika usukani hakuwahi kuangusha gunia wala kugonga kuku. Ukimuuliza jambo, hata kama ni "Umeshindaje?", alikohoa kwanza, akatazama mbali, kisha akasema, "Ngoja niweke gia ya kwanza." Wenye haraka zao waliondoka kabla gia haijaingia.

Alikuwa na falsafa yake, na hakuna aliyepanda lori lile akashuka bila kuisikia. Akili, alisema, ndiyo dereva. Moyo ni tanboi tu: kazi yake ni kuning'inia nyuma na kupiga kelele, "Songa! Simama! Rudi!" lakini usukani hapewi hata siku moja. Tanboi wake wa kweli, bwana mmoja aliyeitwa Oyoo, aliisikiliza falsafa hiyo kwa muda mrefu bila kujibu, mpaka siku moja akauliza, "Na gari ikikwama kwa matope, Mzee, ni nani hushuka kusukuma?" Gibson aliweka gia ya kwanza. Oyoo alipohamia kazi nyingine alikuwa bado hajapewa jibu.

Mkewe Chepkemoi alikuwa na maoni tofauti kuhusu akili hiyo iliyosifiwa. Kwa maoni yake, Gibson alifanya kila alichotaka moyo wake, halafu akakitafutia sababu, kama mtu anayenunua kofia ndipo atafute jua. Aliwahi kuokota barabarani mbwa mwenye miguu mitatu, akamleta nyumbani ndani ya koti lake la kazi. Sababu? "Mbwa wa miguu mitatu hawezi kutoroka," alieleza kwa uso mkavu. Chepkemoi alimtafutia mbwa sufuria ya kulia.

Rafiki mkubwa wa Gibson alikuwa Njenga, mwenye posho mill pale sokoni. Wazazi wa Njenga walitoka Nyeri, naye alikulia Roret, akaoa, akazaa. Ukiwaweka pamoja ungedhani mtu aliwachagua kwa mzaha. Njenga alicheka kabla kichekesho hakijaisha na kulia kabla msiba haujatangazwa. Timu yake ikifungwa redioni, alizima mashine ya kusaga na wateja wakangoja na mahindi yao mpaka majonzi yapungue. Urafiki wao ulianza siku lori lilipozama kwenye matope mbele ya duka lake. Njenga alitoka mbio na suruali yake ya kanisani, akasukuma kwa bega, akaanguka kifudifudi, akainuka akicheka na matope mdomoni. Tangu siku hiyo Gibson alikunywa chai kwa Njenga kila Jumapili baada ya ibada.

Jumapili moja chai ililetwa na Lynn, binti mdogo wa Njenga, na chai yenyewe ilikuwa ya rangi. Ng'ombe wao alikuwa amekufa. Nyathira, mke wa Njenga, aliomba msamaha mara tatu, kwa kuwa katika nchi ambayo majani chai yamefunika kila kilima, kumpa mgeni chai isiyo na maziwa ni aibu inayomfanya mwenye nyumba atazame sakafu. Gibson alikunywa akamaliza, akaomba aongezwe. Alimwona Lynn akichovya kipande cha mkate katika chai ile nyeusi, na tanboi wa moyoni mwake akaanza kupiga mabati kwa fujo.

Alipofika nyumbani alimwambia Chepkemoi kwamba amefikiria sana. Shamba lao lote sasa ni majani chai. Njenga naye ana nepia imejaa kando ya kijito, inakauka bila kuliwa. Akili inasema ng'ombe wao mweupe, Chelel, aende kule kwenye chakula, kwa sababu hapa anateseka. Chepkemoi alimtazama Chelel, aliyekuwa amenona hata kugeuka ni kazi.

"Kweli," alisema. "Anateseka sana."

Kwa Wakipsigis hilo si jambo geni. Ni desturi waliyorithi kwa babu zao, wanaiita kimanagan: mtu humweka ng'ombe wake kwa rafiki. Maziwa na samadi ni vya rafiki, lakini ng'ombe na uzao wake hubaki mali ya mwenyewe, na siku yoyote mwenyewe anaweza kuja kuwachukua. Hakuna Mkipsigis anayehitaji kuelezwa hayo. Kwa sababu hiyo Gibson, mwenye akili zake zote, hakumweleza Njenga.

Alimpeleka Chelel kwa kamba, akasimama uani kwa Njenga, akakohoa, akaweka gia ya kwanza, na akatumia neno la udereva, kwani maneno yake mengi yalitoka garini.

"Njenga, nimefikiria. Hii ng'ombe ipaki kwako."

Sasa, ulimi wa Gibson, kama ndimi nyingi za kwao, haukuona haja ya kutofautisha p na b neno likiwa safarini. Kilichotoka ni kitu kama "ibagi gwago". Neno liliondoka kwa Gibson likiwa limepaki. Lilipofika kwa Njenga lilikuwa limebaki.

Njenga alilia, bila shaka. Alimkumbatia Gibson, akamkumbatia ng'ombe, akamwita Nyathira aje naye akumbatie. Wiki iliyofuata walipanda kilima hadi kwa Gibson na kiondo cha njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe za kwao, mikungu miwili ya ndizi, na blanketi jipya la mama yake Gibson. Gibson aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi akitikisa kichwa.

"Hawa watu," alimwambia mkewe, "wanashukuru maziwa kweli kweli."

Chelel alizaa ndama dume, na ndama huyo akafa kwa ugonjwa wa ndigana. Njenga alimpa Gibson habari hiyo kwa machozi. "Pole sana, ndugu yangu," akasema Gibson. "Asante. Pole na wewe," akajibu Njenga. "Asante." Walishikana mikono kwa muda mrefu, kila mmoja akijua moyoni kwamba mfiwa ni yeye na kushangaa jinsi mwenzake alivyo mtu wa huruma.

Kisha akazaliwa mtamba mwekundu mwenye paji jeupe. Huyo alikua. Jumapili baada ya chai marafiki hao wawili waliegemea ua na kumtazama. "Anakua vizuri," alisema Gibson kwa fahari ya mwenye mali. "Anakua!" alisema Njenga kwa fahari ileile. Hakuna urafiki uliokuwa na amani kama huo katika Bureti nzima.

Mwaka wa kura ukafika, ule wa tisini na saba, na mvua ikafika nao kama iliyotumwa. Kimeli, mtoto wa kwanza wa Gibson, alikuwa ameamua kumwoa Cherotich, binti wa watu wa Bomet. Wazee walikutana, na ng'ombe wa mahari wakatajwa. Watu wa Bomet walitaka, pamoja na wengine, mtamba mmoja mzuri aonekane siku ya koito, siku ambayo familia mbili hukaa pamoja na posa kukubaliwa rasmi. Gibson alitabasamu kama mtu aliyeweka akiba.

"Huyo yuko," alisema. "Amepaki Roret."

Kwa wiki kadhaa majani yalikuwa mengi mno na hakupata nafasi ya kwenda kwa Njenga. Alipokwenda hatimaye, siku chache kabla ya koito, alimkuta Chelel peke yake akitafuna nepia. Alitazama kushoto. Alitazama kulia.

"Ile ndogo iko wapi?"

"Ah!" Njenga alipiga makofi. "Si nilikualika ukasema uko kazini? Nilipeleka kwa kina Nyathira, Njoro. Ile ruracio yangu ya tangu zamani, mahari ile, sikuwahi kumaliza. Baba yake sasa ananiita mtoto wake. Ng'ombe yako imenipatia heshima, Gibson, wacha nikuambie!"

"Ulipeleka ng'ombe yangu?"

"Ng'ombe ulinipatia."

"Mimi sikukupatia. Nilipaki!"

"Ee, si ndio? Ulisema ibaki."

"Nilisema ipaki!"

"Ndio hiyo nasema! Ibaki!"

Walirudiana hivyo mpaka Nyathira akatoka jikoni na mwiko mkononi. Na hapo Gibson, dereva asiyegonga kuku, akaondoa mguu kwenye breki. Alisema kwamba ng'ombe wa mtu hauzwi wala hatolewi mahari kwa siri. Alisema alidhani amekaa na rafiki kumbe amekaa na mwizi. Neno hilo lilisikika mpaka kwenye foleni ya posho mill. Gibson aliondoka bila kuaga, na chai ikabaki mezani na maziwa yake.

Soko lina masikio, na mwaka wa kura yanaongezeka. Kabla Gibson hajafika mwisho wa maduka, alisimamishwa na Kipkemboi, jamaa aliyezunguka sokoni tangu asubuhi na fulana ya mgombea, na wenzake watatu nyuma yake.

"Mzee, tumesikia. Huyo mtu wa Nyeri amekula ng'ombe yako. Wewe sema tu neno moja. Tutaleta hiyo imebaki, na mabati ya posho mill juu yake. Hawa watu wamekaa hapa sana."

Tusimfanye Gibson malaika. Alisikia utamu wa maneno hayo. Yalimshuka kooni kama uji wa moto mtu akiwa amelowa mvua. Lakini mazoea ni mazoea, na kabla hajajua atasema nini, mdomo wake ulikuwa umekwisha sema, "Ngoja niweke gia ya kwanza."

"Sawa," alisema Kipkemboi. "Kesho asubuhi tutakuwa hapa. Ukinyamaza, tutajua umekubali."

Nyumbani Gibson alimwaga hadithi yote mbele ya Chepkemoi, pamoja na Kipkemboi. Chepkemoi alikuwa mzaliwa wa kambi ya wapasua kuni na wachuma chai kule Kericho, akicheza na watoto wa Kisii, wa Kiluhya na wa Kijaluo, na ulimi wake ulinyooshwa na majirani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka sinia chini.

"Sema vile ulimwambia siku ile."

"Nilimwambia, hii ng'ombe ibagi gwago."

"Sasa sema, gari imepaki."

"Gari imebagi."

"Sema, ugali umebaki."

"Ugali umebagi."

Chepkemoi alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la mahindi, akajifuta macho na leso, akamtazama mumewe, akaanza upya. Gibson hakuona mzaha wowote. Alisema mwenyewe anasikia tofauti vizuri sana.

"Unaisikia wewe peke yako, Baba Kimeli. Hiyo ng'ombe uliipeana na mdomo wako."

"Hata kama. Desturi ni desturi."

"Desturi ya nani? Ulimweleza?"

Gibson alikohoa.

"Na mwizi," aliendelea Chepkemoi, sasa bila kicheko, "huwa anakualika sherehe ya kula ng'ombe yako? Alikualika ama hakukualika?"

"Alinialika."

"Blanketi ya mama ilikuwa ya maziwa?"

Akili ya Gibson, ile aliyoisifu kwa madereva wote wa kiwanda, ilikuwa imekaa upande wa Njenga tangu mwanzo, na yeye hakuiuliza.

"Hiyo ni akili imesema," alisema Chepkemoi. "Sasa moyo unasema nini?"

"Unauma," alisema Gibson. Hakukohoa kwanza.

"Unauma juu ya ng'ombe ama juu ya Njenga?"

Alitoka nje akasimama mvuani, na mkewe akamwacha asimame.

Kulipopambazuka alishuka kwenda sokoni. Njiani alipanga maneno. Angeeleza kimanagan polepole tangu mwanzo. Angekubali kwamba ulimi wake ulichangia. Angependekeza Chelel arudi nyumbani, mtamba ahesabiwe amekwenda, na urafiki uendelee. Ulikuwa mpango mzuri, umenyooka, hauna kona hata moja.

Alimkuta Njenga katikati ya soko akimvuta Chelel kwa kamba kuelekea kilimani. Nyathira alikuwa nyuma yake na mkono mdomoni. Kipkemboi na wenzake walikuwa wamekaa kwenye baraza ya duka, wakashuka walipomwona Gibson.

"Chukua," alisema Njenga, akamnyooshea kamba. "Kwetu kitu cha kupewa hakirudishwi, lakini mimi siwezi kuitwa mwizi mbele ya mtoto wangu. Ile ingine nitalipa. Nitauza mashine."

Ilikuwa hivyo tu. Kila kitu ambacho Gibson alikuwa amepanga kuomba kilikuwa mbele yake, bila hata kuomba. Ng'ombe ni wake. Anarudishwa kwa hiari. Watu wa Bomet wanangoja. Akaipokea kamba. Chelel alimnusa mkono akaulamba.

"Sasa ile ingine!" alisema Kipkemboi kwa furaha. "Na huyu akiuza mashine, ahame kabisa."

Gibson alimtazama Njenga usoni, na kilichomshtua ni kwamba Njenga hakuwa analia. Huyu aliyelilia ndama, aliyelilia mpira wa redioni, aliyelia siku ya kupewa ng'ombe huyuhuyu, alisimama na macho makavu kabisa, akiangalia juu ya bega la Gibson kama mtu ambaye mizigo yake imekwisha fungwa. Gibson alipatwa na hofu ambayo hajawahi kuipata hata siku breki zilipokatika kwenye mteremko na gari limejaa.

Aliizungusha kamba kwenye mkono wa Njenga, mara ya kwanza, mara ya pili, akaikaza.

"Hii ng'ombe ni yako. Mimi ndio nilikosea neno, si wewe. Na jina nilikuita jana, nisamehe." Kisha akageuka. "Kipkemboi, hapa hakuna ng'ombe ya kuchukuliwa. Niliipeana mimi mwenyewe, mchana, mbele ya mke wake. Mtu akigusa bati moja ya huyu mtu, aanze na lori yangu. Nendeni mkunywe chai."

"Lakini Mzee! Hata hujafikiria!"

"Leo sijafikiria," alisema Gibson.

Kipkemboi alibaki akitazama wenzake, na wenzake wakatazama mvua. Mtu mmoja kwenye foleni ya kusaga alicheka, kisha wa pili, na kicheko cha sokoni hakina mgombea. Vijana wale waliondoka mmoja mmoja wakijifanya wana shughuli upande mwingine.

Njenga sasa alikuwa analia, na Gibson akapumua.

"Na Jumamosi utapeleka nini Bomet?" aliuliza Njenga katikati ya kwikwi.

"Sijui. Vaa suruali ya kanisa. Tutaenda tuaibike pamoja."

Walikwenda hivyo. Nyumba ya kina Cherotich ilikuwa mbele ya mji wa Bomet, na sebule ilijaa wazee wa pande mbili, akina mama upande wao, Kimeli amekaa pembeni na tai inayomkaba. Salamu zilikuwa ndefu, maombi yakawa marefu zaidi. Mwishowe babake Cherotich, mtu mkubwa mwenye sauti ya chini, aliuliza kwa upole kama yule mtamba mwekundu yuko nje, maana yeye hajamsikia akilia.

Gibson alikuwa na sababu zake tayari; alizipanga njia nzima. Alisimama, akakohoa. Lakini Njenga hakuumbwa kungojea gia.

"Mzee, samahani," alisema, akiruka kutoka kitini. "Ile ng'ombe mnangoja, mimi nilioa nayo."

Kimeli aliangalia viatu vyake. Njenga akaeleza yote, kwa mikono na kwa miguu, posho mill, chai ya rangi, ibaki na ipaki, mpaka akina mama wa Bomet wakaanza kuuma vidole wasicheke na mzee mmoja akashindwa kabisa akatoka nje. Babake Cherotich peke yake hakucheka. Alimgeukia Gibson.

"Kwa hivyo huyu ndio alichukua ng'ombe ya mtoto wako. Na umekuja na yeye kwangu, umeketi karibu na yeye."

"Ndio."

"Ulipojua, ulifanya nini?"

Sababu zote zilikuwa pale, zimepangwa kama magunia. Gibson alizitafuta. Hakuona hata moja.

"Nilikasirika," alisema. "Nikamtukana. Halafu nikaogopa."

"Uliogopa nini? Yeye?"

"Hapana. Alikuwa ameniletea ng'ombe. Nilishika kamba, nikaona nitarudi nyumbani na ng'ombe, na huyu mtu nisimwone tena." Alimwekea Njenga mkono begani. "Nampenda, Mzee. Sina sababu ingine."

Kule upande wa akina mama, Chepkemoi, aliyeishi na sababu za mtu huyu tangu ujana wake, aliinamisha kichwa na kuuma leso.

Babake Cherotich alimtazama Njenga, aliyekuwa analia tena. Kisha akamwita binti yake kutoka chumba cha ndani, na Cherotich akaja akasimama mlangoni.

"Umemsikia baba yake Kimeli?" aliuliza mzee.

"Nimesikia, Baba."

"Ng'ombe watakuja wakizaliwa. Nenda ulete maziwa ya koito, uanzie huyo anayelia."